Kitambaa Kisichojua Sindano

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya kliniki ya macho hapa Kitengela, nimenuna kwa sababu foleni haisongi, mara nikasikia mzee mmoja nyuma yangu akicheka peke yake. Nikageuka nimkaripie, maana nimekuwa mwalimu miaka mingi na ugonjwa wa kukaripia haujanitoka hata baada ya kustaafu. "Naserian," akasema, "bado unapiga pindo vitu vya wenyewe?" Salaala! Watu waliojua jambo hilo walikuwa wachache, nami nilidhani wote wamekwisha kufa. Alikuwa fundi Njoroge, aliyekuwa akishona kwenye baraza ya duka la vitambaa kule Kajiado mjini, wakati ule nilipokaa humo. Meno hana, lakini kicheko ni kile kile. Tulisalimiana tukashikana mikono mpaka daktari akaita majina yetu mara mbili. Kabla hatujaachana akaniambia kwamba lile duka limebomolewa, wanajenga ghorofa. Nilirudi nyumbani, nikabandika chai, nikaisahau ikakauka sufuriani. Ukuta umeanguka, sawa, kuta huanguka. Lakini ndani ya kuta zile ndimo nilimofundishwa kufikiri, na ndimo nilimotenda kosa ambalo nusura liniharibie maisha. Nimeona nilieleze mwenyewe kabla Njoroge hajalieleza kwa mtindo wake.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimeanguka vibaya, hasa Kiswahili. Msishangae. Nyumbani, kule upande wa Ewuaso Kedong, tuliongea Kimaasai, na Kiswahili chetu kilikuwa cha sokoni, "hii ng'ombe" na "hiyo mtu", basi. Mwalimu wangu alisema mbele ya darasa zima kwamba kichwa changu ni jiwe la Kitengela, tena lile la kujengea choo. Darasa likacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaamini. Kilichonipeleka dukani ni kwamba mwenye duka, mama wa Kihindi aliyeitwa na kila mtu Ba, alihitaji msichana anayejua Kimaasai na mwenye macho mazima. Yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili. Aliweza kujua umesimama wapi, asijue wewe ni nani. Siku ya kwanza alinishika mkono, akaupapasa mpaka kwenye shanga za kifundo, akasema, "Takwenya." Nikajibu "Iko" kwa mshangao, maana sikutegemea kusalimiwa Kimaasai na Mhindi. "Mimi nimezaliwa Namanga," akasema. "Wewe ulizaliwa wapi, unashangaa hivyo?"

Duka lilikuwa chumba kirefu chembamba, majora yamesimamishwa ukutani kama askari, na harufu ya nguo mpya inayokuingia puani ukatamani kupiga chafya. Wazee wetu walikuja kununua shuka, wakabishana asubuhi nzima kama ni ya miraba mikubwa au midogo, kisha wakanunua ile ile waliyoishika mwanzo. Ba aliketi nyuma ya kaunta nyeusi ya mbao, akisikiliza. Alijua kitambaa kwa kukisugua kati ya vidole viwili, na alimjua mnunuzi kwa kikohozi. Nyuma ya duka kulikuwa na jiko na vyumba viwili, kimoja chake, kingine changu na masanduku. Tulikula dengu na wali vikiwa vimepikwa pamoja, vikamiminiwa samli, na pembeni pilipili ya kijani. Wiki ya kwanza nililala nikiota nyama choma. Lakini maziwa yalitupatanisha. Ba alikunywa mtindi mwepesi wenye chumvi kila mchana, nami nilipomletea maziwa ya kibuyu kutoka kwetu, yenye ile harufu ya moshi, alikunywa kikombe kizima, akasema, "Haya. Nyinyi ni watu." Sijui kabla ya hapo tulikuwa nini.

Masomo yalianza kwa sababu ya harusi. Mjukuu wake, Bina, binti wa mwanawe Kishor aliyekaa Nairobi, alikuwa aolewe mwisho wa mwaka. Katika harusi zao, bibi na bwana arusi huketi pande mbili, na kitambaa huinuliwa kati yao wasionane. Aya za baraka husomwa kwa Kisanskriti, lugha yao ya kale ya ibada, na zikiisha ndipo kitambaa hushushwa na wale wawili huonana. Mwenye kusoma ni kasisi, mwanamume. Lakini baba yake Ba alikuwa msomi wa lugha hiyo, hakujaliwa mtoto wa kiume, akamfundisha binti. Ba alikuwa na haja moja tu kabla hajafa, kuzisoma aya zile mwenyewe kwa mjukuu wake. Kasisi, baada ya kubembelezwa miezi mingi, alikuwa amekubali shingo upande. Tatizo, nyingine Ba alikuwa amezisahau, na daftari la baba yake macho yake hayakuweza tena kulisoma. Kwa hiyo akanifundisha herufi zile zinazoning'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba, ili nimsomee azikumbuke. Alizichora kubwa kubwa kwa chaki ya fundi juu ya kaunta, nami nikazinakili huku nikizisoma kwa sauti. Kila nikikosea aligonga meza kwa rula ya kupimia vitambaa. "Tena." Hilo ndilo neno lake. Hakuwahi kuniambia mjinga, wala hakuwahi kuniacha nikiwa nimekosea.

Baada ya miezi mitatu nilisoma kama kasuku, bila kuelewa hata chembe. Siku moja nikauliza, "Ba, kwani hii inasema nini?" Akaweka rula chini. "Nimengoja hiyo swali tangu siku ya kwanza. Nilisema, huyu dikri akiuliza nitamfundisha, asipouliza atasoma tu." Dikri ni binti kwa Kigujarati, na tangu siku hiyo aliniita hivyo. Akaniuliza tumezungukwa na nini humu ndani. Nikasema nguo. "Basi tuanze na nguo." Akachora neno moja kwenye kaunta, akalitamka taratibu, vastra. Akapitisha kidole katikati yake, akalikata vipande viwili kama anayekata kitambaa. Huku ni vas, mzizi, maana yake kujifunika, kuvaa. Huku ni tra, mkia unaotengeneza chombo cha kufanyia tendo. Vastra, basi, ni kitu cha kujifunikia. Nikaruka kitini. "Kama kifuniko, Ba! Funika, kifuniko! Na vas ni vaa! Ni neno moja!" Nilijiona nimegundua dhahabu. Ba alicheka mpaka akashika ubavu. Kifuniko alikikubali, akasema ni mfano mzuri, lugha mbili zisizojuana zimefanya kazi moja kwa mikono tofauti. Lakini vaa alikataa katakata. "Kufanana si undugu, dikri. Njoroge akifanana na chifu, utasema ni mtoto wake?" Kutoka barazani Njoroge akajibu, "Mama Kishor, niachie mama yangu!" Ba akaendelea kuwa ukitaka ndugu wa kweli wa vastra, kamtafute kwenye vesti ninayovaa ndani. Neno hilo Wazungu wamelitoa Kilatini, na Kilatini na Kisanskriti wana babu mmoja. Nilichungulia vesti yangu ya mtumba kwa heshima mpya.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia wiki zile. Niliamka nikiwa na njaa ya maneno. Mkia ule wa tra niliuona kila mahali. Pa ni kunywa, patra ni chombo cha kunywea. Mzizi wa ni, yaani kuongoza, ukazaa netra, jicho, yaani kitu cha kukuongoza. Aliponifundisha hilo la mwisho Ba akasema, "Yangu imechoka kuongoza. Sasa wewe ndio netra yangu." Alisema kikawaida tu, akadai chai, lakini nilikwenda jikoni macho yamenijaa maji. Akanifundisha kwamba vastra si ya kiume wala ya kike, ina kundi lake la tatu. Nguo moja ni vastram, nguo mbili ni vastre, nyingi ni vastrani, kwa sababu lugha ile ina umbo la pekee kwa vitu viwili, na watu wa kale walivaa viwili, cha chini na cha juu. "Kama sisi," nikasema, "shuka moja kiunoni, moja begani." "Kama nyinyi," akasema. Na neno likibadilisha kazi katika sentensi, mwisho wake hubadilika, kwa nguo, kutoka katika nguo, ya nguo. Hapo ndipo nilipoelewa ngeli za Kiswahili zilizoniangusha shuleni. Hazikuwa adhabu ya mwalimu. Zilikuwa utaratibu, kila neno na ukoo wake na dada zake. Nilianza kujisahihisha kaunta pale, "hiki kitambaa, hili jora," hadi Njoroge akasema nimeanza kuongea kama redio. Ba aliniahidi kwamba baada ya harusi tutaendelea kwa mwaka mwingine, na nitarudia mtihani. Kishor hakupendezwa. Siku moja nikiwa nyuma ya ukuta nilimsikia akiongea na mama yake, Kigujarati kimechanganyika na Kiswahili. Nilidaka jina langu, kisha "huyu wa dukani tu," kisha sauti ya Ba ikasema kwa Kiswahili, nafikiri makusudi ili nisikie, "Huyu ndiye anauliza. Wewe uliwahi kuuliza?"

Jumatano ya wiki ya harusi, Ba alinituma nikatoe kitambaa chenyewe kwenye sanduku la bati. Kilikuwa cheupe kilichogeuka rangi ya maziwa, kizito. Kilifumwa kwa mkono na bibi yake kule kwao, kikaja kwa meli na mama yake, kikainuliwa kwenye harusi ya mama, ya Ba, na ya Kishor. "Anika kwa kivuli," akaniagiza. "Usifue. Usipige pasi. Pepea tu, kunja, weka." Nilikianika nyuma ya nyumba. Nikakitazama, nikaona aibu. Miisho yote miwili nyuzi zilikuwa zinaning'inia ovyo, hazina pindo! Sasa elewa, katika duka lile kulikuwa na sheria moja ya Njoroge, kwamba hakuna kitambaa kitakachotoka bila pindo. Alinifundisha mwenyewe, na kila siku alisema kitambaa bila pindo ni ng'ombe bila alama, atapotea. Njoroge alikuwa amekwenda Kitengela kumwona mamake mgonjwa. Nikasema moyoni, masikini Ba haoni, atapeleka kitu kimechakaa hivi mbele ya wageni wa Nairobi, wamcheke. Hakuniambia nisishone. Nikachukua sindano nyembamba kuliko zote, uzi mweupe, nikaketi kivulini alasiri nzima. Nilizikunja nyuzi kwa ndani nikashona kwa mkono, mshono mdogo kama punje ya mtama. Halikuwahi kutoka mkononi mwangu pindo lililonyooka vile. Nilikuwa nikiimba.

Alhamisi tulifanya somo la mwisho kabla ya harusi. Nilisoma aya zote, Ba akazifuata bila kukwama hata mara moja, uso unang'aa. Kwa furaha akarudi kwenye neno letu la kwanza. "Ona mzizi wake, dikri. Kujifunika. Hakuna kushona ndani yake. Vastra ya watu wa zamani haikujua sindano." Kisha akanieleza habari ya kitambaa cha harusi. Sindano haijawahi kukigusa, wala haitakiwi. Bibi yake alisema tundu la sindano linatosha jicho kuchungulia, na kinachowatenga wale wawili hakifai kuwa na tundu hata moja kabla aya hazijaisha. Ndiyo maana waliacha nyuzi zining'inie, vizazi vinne. "Watu wengine wako na dhahabu," akasema. "Sisi tuko na hiyo." Nikasema nimeacha maji motoni, nikatoka.

Njoroge alikuwa amesharudi. Nilimwonyesha. Alilitazama lile pindo, na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza alichosema ni, "Lakini umeshona vizuri." Kisha akanishika bega. "Sikiza. Fumua polepole, pepea, kunja. Macho ya mama yameisha. Hata huyo kasisi hataona. Ukisema, Kishor atakufukuza kabla chai haijapoa, na masomo yako kwisha. Utarudi kwenu kuuza mkaa kando ya barabara. Ni hiyo unataka?" Sikuitaka. Nilifumua uzi baada ya uzi, na kweli ukikishika kitambaa mbali huoni kitu. Ukikinyanyua kwenye mwanga, unaona. Safu ya vitundu kingoni mwa kitambaa, imenyooka, kazi yangu. Nilikikunja nikakirudisha sandukuni. Usiniulize nililalaje. Ningeweza kumdanganya mtu mwenye macho, angalau angekuwa na nafasi ya kunishika. Lakini huyu mimi ndimi niliyekuwa jicho lake, na jicho ndilo lingemdanganya.

Ijumaa asubuhi gari la Kishor lilikuwa nje, milango wazi, mizigo inapakiwa. Ba amevaa sari ya kijani, ananukia sabuni, sanduku miguuni pake. Nilipiga magoti mbele yake nikaongea haraka. "Ba, kitambaa nimekitoboa. Nilipiga pindo Jumatano. Nilidhani nakusaidia. Nimefumua lakini matundu bado yapo." Hakuelewa mara ya kwanza. Niliposema tena, alinyoosha mkono nikampa. Alitafuta ukingo, akaupitisha kati ya vidole vyake viwili, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha yule mama niliyedhani hawezi kulia akalia kwa sauti kama mtoto. "Mikono ya bibi yangu," akasema. "Mikono ya bibi yangu ilikuwa hapa." Kishor alisema nilichojua atasema. "Huyu aende leo. Leo hii!" Nilimtazama Ba. Alikuwa amekumbatia kile kitambaa. "Umeniumiza," akaniambia. "Toka nje." Nikatoka. Walipita mbele yangu wakaingia garini, hakuna aliyegeuza uso.

Njoroge alizima cherehani. "Nilikuambia unyamaze. Sasa ukweli wako umekuletea nini?" Nilijuta, tena sana. Nililia, nikapanga nguo zangu kwenye mfuko, nikafagia duka lote. Ningeondoka siku ile ile, ila nilikuwa na ufunguo, na sikutaka waseme nimeacha duka la watu bila mtu. Jumamosi nilikaa barazani nikihesabu, sasa wameketi, sasa kitambaa kimeinuliwa, kitambaa gani sasa? Nilisema aya zile moja moja kwa midomo, peke yangu, nikimwombea asisahau ile ya tano ambayo humponyoka. Jumapili sikwenda kanisani. Niliona haya hata mbele za Mungu.

Jumatatu gari lilikuja kabla ya saa nne. Kishor alimshusha mama yake, akanipita bila salamu, akaingiza mizigo, akaondoka zake Nairobi. Nikampa Ba ufunguo mkononi, mfuko wangu ukiwa begani. Akaugusa huo mfuko. "Unaenda wapi na hii?" "Nyumbani, Ba. Uliniambia nitoke." "Nilikuambia utoke nje. Ulitoka." Akapapasa mpaka kwenye kiti chake, akaketi, akahema. "Tulikata marekani, ile nguo nyeupe ya kawaida, kwa jora ya stoo ya Kishor kule Nairobi, mita tatu, asubuhi ile ile ya harusi. Mpya, haina historia yoyote. Wakainua hiyo. Watu waliuliza, nikasema ile ya zamani imezeeka, inapumzika. Nilisoma zote nane. Ile ya tano nilisimama kidogo, kasisi akataka kunisaidia, nikamwambia nyamaza." Alitabasamu, kisha tabasamu likapotea. "Bado nimekasirika na wewe. Nitakasirika mpaka mwaka mpya, pengine na zaidi. Hicho kitambaa hakirudi." Nikasema najua. "Lakini nimefikiria ndani ya gari. Ungenyamaza, ningesimama pale mbele ya watu wote, nasema maneno ya baba yangu juu ya uongo, nimefurahi kama mjinga, na ningekufa bila kujua. Macho yangu yameisha, dikri. Mtu akiamua kunidanganya, mimi niko na nini ya kujikinga? Niko na mtu wa kuniambia. Wako wangapi hao?"

Barazani cherehani ya Njoroge ilikuwa imenyamaza kabisa. Alikuwa anasikiliza, mdaku yule. Ba akatafuta chaki, akatafuta rula. "Kaa," akasema. "Mwalimu wako alisema kichwa yako ni jiwe. Mimi nasema jiwe inachongwa. Andika maumbo yote ya vastra, kutoka moja mpaka mwisho." Nilikaa na mfuko ungali begani. Nikaandika, machozi yakidondokea chaki, na mstari wa pili tu nikakosea. Nikausoma kwa sauti kama ilivyokuwa desturi. Ba akagonga meza mpaka majora yakatikisika.

"Tena," akasema.

Sijawahi kufurahi kukosolewa kama siku ile.